Kofia Si Alama: Mambo Yanayotazamwa na Waamuzi wa Farasi wa Ranchi

Katika Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla jirani na kituo cha zamani cha teksi mjini Kampala, hapauzwi farasi wala tandiko la farasi. Sabuni ipo, sukari ipo, sufuria zipo, na kwa mwenye subira ya kupenya katikati ya mahamali na mikokoteni, zipo pia kofia za ukingo mpana na mikanda yenye bizimu kubwa mfano wa kisahani cha chai. Kijana akishavaa vitu hivyo viwili juu ya suruali ya jinzi, wenzake humpandisha cheo papo hapo na kumwita kauboi. Hapana amwulizaye kama amepata kumgusa farasi hata siku moja.

Sisi hatumlaumu kijana huyo. Aliyoyajua ameyapata katika vibanda vya sinema, na katika sinema kauboi ni mtu wa bastola. Farasi humfikisha mahali pa ugomvi, kisha hufungwa nje ya baa na kusahauliwa. Lakini, ndugu wapiganaji, na ninyi ndugu polisi, sinema imetuficha jambo lenye kutuhusu sisi tuliotoka katika nchi za ng'ombe. Kauboi wa kweli alikuwa mchungaji wa kuajiriwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, makundi makubwa ya ng'ombe yaliswagwa kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli huko Kansas, mwendo wa majuma mengi, na waliofanya kazi hiyo walilala chini na kula vumbi. Wanahistoria hukadiria kwamba yamkini mmoja katika kila wanne wao alikuwa mtu Mweusi. Mmoja wa mashuhuri wao, Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye aliyeanzisha mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumwangusha maksai kwa mikono mitupu. Alifariki mwaka 1932 kwa teke la farasi. Basi ile kofia ya Kikuubo ina haki ya kukaa juu ya kichwa cha Mwafrika. Linalohitaji kusahihishwa ni ile bastola. Kitendea kazi cha kauboi kilikuwa farasi, na farasi huyo hata leo hupimwa hadharani, mbele ya waamuzi, kwa kanuni zilizoandikwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini wachungaji wetu wa Ankole na Karamoja hawakupanda farasi. Jibu limo katika mbung'o, ambaye huambukiza nagana, na katika visubi wanaoeneza ule ugonjwa wa mapafu na moyo unaojulikana kuwa tauni ya farasi wa Afrika. Wanajeshi walijifunza somo hilo kwa hasara. Mwezi Aprili 1916, Jenerali van Deventer aliongoza brigedi ya wapanda farasi wa Afrika Kusini hadi Kondoa Irangi, katika Tanganyika ya Wajerumani. Mji waliuteka, lakini mamia ya farasi walikuwa wamekufa njiani kwa maradhi na uchovu, na sehemu kubwa ya brigedi ile ikabaki kuwa askari wa miguu. Katika nyanda za juu za Kenya, ambako hewa ni baridi, farasi walisitawi; na hata kikosi cha polisi wa nchi hiyo cha kupambana na wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, kimetumia farasi na ngamia katika doria zake. Kwetu sisi kazi ileile hufanywa kwa miguu ya binadamu, fimbo na mluzi. Kazi yenyewe, hata hivyo, ni moja, na ndiyo maana tunaamini kwamba askari aliyepata kuswaga ng'ombe ataielewa hukumu ya mwamuzi wa Texas upesi kuliko yule kijana wa bizimu.

Mashindano tunayoyazungumzia yasichanganywe na mbio. Katika uwanja wa Ngong, mjini Nairobi, ambako farasi wameshindana mbio tangu mwaka 1954, aliyetanguliza pua ndiye mshindi. Farasi wa ranchi hashindani na saa wala na farasi wa pembeni. Huingia uwanjani peke yake na mpandaji wake, wakatekeleza mfululizo wa vitendo uliotangazwa mapema, na mwamuzi akawapa alama. Chama chenye kanuni zinazofuatwa zaidi ni kile cha farasi wa jamii ya Quarter Horse, American Quarter Horse Association, kilichoundwa mwaka 1940 huko Fort Worth, Texas. Ukizisoma kanuni zake kwa makini utaona kwamba zote hurudi kwenye swali moja: je, farasi huyu, akitolewa uwanjani na kupelekwa porini, atamaliza kazi ya siku nzima na kumrudisha mpandaji wake nyumbani akiwa mzima?

Swali hilo ndilo linalowashangaza wageni, maana huondoa thamani ya mambo mengi ambayo macho yetu huyatafuta kwanza. Sisi tuliolelewa katika magwaride tumezoea kung'arisha. Katika gwaride kiatu kisichong'aa ni kosa, na ni haki kiwe kosa. Katika uwanja wa farasi wa ranchi mambo ni kinyume. Hairuhusiwi kupaka kwato rangi. Hairuhusiwi kusuka singa za shingoni, wala kuunganisha mkia wa bandia ili uonekane mrefu. Kunyoa manyoya ya ndani ya masikio hakupendezi, kwa kuwa manyoya hayo huzuia vumbi na wadudu, na farasi wa kazi anayahitaji. Tandiko lililopambwa kwa fedha halimpi mwenyewe hata nusu alama juu ya yule mwenye tandiko la ngozi tupu, alimradi ni zima na limekaa vyema. Mwamuzi hutaka usafi, naam, lakini usafi wa mtu anayekwenda kazini. Afisa mkaguzi wa silaha atalifahamu jambo hili: kitako cha bunduki kikiwa na mikwaruzo ya kazi hasemi neno, bali mtutu ukiwa na kutu hasamehe.

Kinachofuata ni mwendo. Farasi ana miendo mitatu anayodaiwa hapa: kutembea, kuchapuka, na mbio za taratibu. Atadaiwa kukimbia pande zote mbili, kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia, na katika kuchapuka na kukimbia ataamriwa pia kurefusha hatua, yaani kwenda mbele kwa nguvu zaidi pasipo kupandwa na wazimu. Hapa ndipo mwamuzi mwenye ujuzi anapomtenga farasi wa kazi na farasi wa maonyesho. Farasi wa maonyesho hufundishwa kwenda polepole mno, kichwa chini, kana kwamba amechoka na maisha. Kwa macho ya mtu asiyejua huo ni utulivu. Mwamuzi wa ranchi huutoza adhabu ya alama moja kwa kila mwendo, kwa sababu mchungaji mwenye kilomita thelathini za kukagua hawezi kutambaa. Anataka kuona shingo iliyonyooka kwa asili, macho yanayotazama kule anakokwenda, na hatua inayokula ardhi. Anataka kuona, zaidi ya yote, mpito kutoka mwendo mmoja hadi mwingine: farasi akitoka katika mbio na kuingia katika kuchapuka, je, ameteremka kama mtu ashukaye ngazi, au ameanguka kama gunia?

Twende kwenye hatamu. Tungependa kukaa hapa kidogo, kwa kuwa tuna hakika ndipo kiini cha mambo kilipo. Hatamu ndiyo amri, na lijamu iliyomo kinywani mwa farasi ndiyo sauti ya amri hiyo. Mpandaji anayevuta kwa nguvu humwonyesha mwamuzi kwamba farasi hakusikia mara ya kwanza. Kwa hiyo kuvuta ni hasara. Lakini kuziachia hatamu zining'inie kabisa kama kamba ya kuanikia nguo nako kuna adhabu ya alama tatu, maana porini nyoka akitokea hapatakuwapo wakati wa kuzikusanya. Kanuni hutaka mguso mwepesi: mkono na kinywa vijuane pasipo kugombana. Farasi mzima aliyefunzwa, mwenye lijamu ya mkono wa nguvu, huongozwa kwa mkono mmoja tu, kwa kuwa mkono wa pili wa mchungaji una kazi nyingine: kamba, lango, ndama aliyezaliwa njiani. Farasi mchanga, wa miaka mitano kwenda chini, huruhusiwa kuongozwa kwa mikono miwili akiwa na lijamu laini.

Sasa hesabu. Kila farasi huanza na alama 70, ambazo maana yake ni kazi sahihi ya wastani, isiyo na sifa wala aibu. Kisha kila kitendo hupimwa peke yake. Kikitendwa sawasawa hupata sifuri. Kikipendeza huongezewa nusu, moja, au moja na nusu. Kikiharibika hupunguziwa vivyo hivyo. Pembeni mwa mwamuzi hukaa karani, ambaye huandika kila anachotamkiwa, ili mwamuzi asiondoe macho yake uwanjani. Mbali na alama hizo kuna adhabu. Farasi akivunja mwendo wa kutembea kwa hatua mbili hukatwa moja. Akiuvunja kwa zaidi ya hapo, tatu. Akikimbia kwa mguu usiostahili kuongoza, tatu. Akiruka kwa hasira, akipiga teke, akiuma, au akisimama kwa miguu ya nyuma, hukatwa tano. Mpandaji akiacha kitendo kimojawapo hawezi kuwekwa juu ya mtu yeyote aliyevikamilisha vyote, hata kama vile alivyovifanya vilikuwa vya ajabu.

Tuseme farasi wa kwanza amesimama ghafla kwa uzuri usio na kifani, akapata nyongeza ya moja; akageuka mahali pamoja upesi kama upepo, akapata moja nyingine; vitendo vyake vingine vyote ni sifuri, ila alikimbia kwa mguu usiofaa mara moja. Watazamaji wamempigia makofi. Hesabu yake ni 70 na 2, toa 3, yaani 69. Farasi wa pili hakushangaza mtu. Alipata nusu mara tatu, kwingineko sifuri, na hakuadhibiwa. Ana 71 na nusu. Huyu wa pili ndiye mshindi, na watazamaji wenye hasira waache wapige miluzi. Mfumo huu hupenda kutegemewa kuliko kumetameta.

Lakini hesabu peke yake isingehitaji mwamuzi, ingetosha mashine. Mwamuzi huhitajiwa kwa sababu ya jambo lisilopimika kwa rula, nalo ni utayari wa farasi. Farasi aweza kufanya kila kitendo barabara kwa kuwa anaogopa. Amepigwa, amechomwa ubavuni kwa chuma cha kisigino hadi amekata tamaa, na sasa hutii kama mfungwa. Mwamuzi humjua kwa masikio yaliyolala nyuma shingoni, kwa mkia unaochapachapa pasipo nzi, kwa kinywa kilichoachama, kwa jicho lionyeshalo weupe. Kanuni humkata alama tano mpandaji atakayetumia mkono kumtia farasi hofu, au kumchoma kwa chuma mbele ya mkanda wa tandiko. Wapo waliojaribu kuficha dalili hizi kwa kuufisha ganzi mkia, ili usiseme ukweli. Ndiyo sababu farasi huchunguzwa pia na matabibu. Sisi tuliopata kuongoza watu tunaijua tofauti kati ya kikosi kinachotii kwa sababu kinamwamini kamanda na kile kinachotii mpaka kamanda atakapogeuza mgongo. Kwa mbali vyote viwili husimama mstari ulionyooka. Kwa karibu, mtu mwenye uzoefu hahitaji dakika tano kuvitambua.

Kuna sehemu ya mashindano inayohusu vikwazo, na hii ndiyo iliyotukumbusha Kikuubo. Farasi hutakiwa apite juu ya magogo bila kuyagonga, avuke daraja la mbao, arudi kinyumenyume katika njia nyembamba iliyopinda, aende upande upande kwa kupishanisha miguu, na avute gogo kwa kamba. Na kuna lango. Mpandaji hulifungua, hupita, na hulifunga akiwa juu ya tandiko, wala mkono wake haupaswi kuliachia, kwani lango lililoachiwa ni ng'ombe waliotoroka. Ni farasi anayepaswa kusogea hatua moja, nusu hatua, kusimama, kungoja.

Aliyepata kumtazama hamali wa Kikuubo saa nne asubuhi ameliona jambo hilihili. Ana katoni nne za mafuta ya kupikia kichwani, mbele yake mkokoteni, nyuma yake lori linarudi kinyumenyume, ubavuni mama amepanga biashara yake chini. Hamali husimama, husogea upande kwa unyayo mmoja, hungoja pumzi mbili, hupita. Hakugusa mtu. Mwenye duka anayemlipa hakutazama shati lake, na wala hampi nyongeza kwa kukimbia. Anataka katoni nne zifike zikiwa nne. Tumetumia maneno mengi kueleza kanuni za Texas, na pengine mwenye duka huyo angezieleza kwa machache.

Sehemu iliyo tamu kuliko zote ni ya kumtenga ng'ombe mmoja kutoka kundini. Ndugu zetu waliohudumu Karamoja, ambao wamewahi kurejesha mifugo iliyoibwa na kumpa kila mwenyewe ng'ombe wake, wanajua ugumu wake. Ng'ombe ni mnyama wa kundi. Ukimtoa hutaka kurudi, na ukimshurutisha kwa fujo hurudi na kundi zima likatawanyika. Katika mashindano ya chama cha mchezo huu, kilichoanzishwa mwaka 1946, mpandaji hupewa dakika mbili na nusu. Huingia kundini taratibu mno, kama mtu apitaye penye watoto waliolala, na mwamuzi tayari anaandika: je, kundi limeshtuka? Akishamtoa ng'ombe mmoja, hushusha mkono na kuachia hatamu. Kuanzia hapo farasi hufanya kazi kwa akili yake. Ng'ombe akienda kushoto naye yuko kushoto. Akisita naye husita, amejiinamisha mbele kama paka. Ng'ombe akimponyoka na kurudi kundini, ni alama tano. Mpandaji akimwacha ng'ombe huku bado anamkabili farasi, ni tatu. Mwamuzi hutoa jumla kati ya 60 na 80.

Habari za mchezo huu husimulia juu ya mwaka 1898, katika mji wa Haskell, Texas, ambapo shindano la kwanza lililotangazwa la kutenga ng'ombe liliwekewa zawadi ya dola 150. Sam Graves aliingia na farasi aitwaye Hub. Hub alikuwa na umri wa miaka 22, umri ambao farasi wengi wamekwisha kustaafu. Alimshinda kila kijana aliyeletwa mbele yake. Hakuwa na mbio tena. Ila alijua ng'ombe atakwenda wapi kabla ng'ombe mwenyewe hajajua.

Ni dhahiri kwamba hukumu inayotegemea jicho yaweza kupindishwa. Mwenye farasi wa bei kubwa hupenda ajulikane, na mwamuzi naye ni binadamu. Kwa hiyo katika mashindano makubwa huwekwa waamuzi kadhaa, wakakaa mbalimbali, kila mmoja na karani wake, kila mmoja na alama zake. Wakiwa watano, katika baadhi ya mashindano alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zikahesabiwa tatu za kati. Karatasi za alama hubandikwa hadharani, ili aliyeshindwa aone ni kitendo gani kilichomwangusha. Hatuoni sababu ya jambo hilo kutofanyika katika mashindano ya kila aina, ya gwaride yakiwamo.

Na baada ya makofi, mpandaji haruhusiwi kwenda zake. Katika mashindano ya kumwongoza farasi kwa hatamu, husimama langoni na kushuka. Huifungua hatamu na kuitoa lijamu kinywani mbele ya afisa aliyewekwa hapo, naye huitazama lijamu yenyewe, kisha midomo, kisha mbavu za farasi pande zote mbili. Akikuta damu, alama zote hufutwa, hata kama zilikuwa za juu kuliko za siku nzima.